Moto wa Pumba Ndani ya Kompositi

Barua nne za mwezi huu zinauliza jambo moja, kila moja kwa mlango wake: kwa nini aktueta ya piezo iliyozikwa ndani ya kompositi, yaani bamba la nyuzi zilizoshikanishwa kwa rezini, hupata joto kuliko hesabu ilivyoahidi? Nimeamua kuzijibu pamoja.

Kwa msomaji mgeni wa safu hii, aktueta ya piezo ni kipande cha kauri, mara nyingi PZT, yaani kauri ya risasi, zirkoniamu na titaniamu, ambacho hurefuka au kufupika kikipewa volteji. Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua upande mmoja wa tabia hii mwaka 1880: ukibana fuwele fulani, chaji hutokea juu yake. Mwaka uliofuata mwanafizikia Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake nacho lazima kiwepo, na ndugu wale wakakithibitisha. Ni hicho kinyume tunachokitumia. Ukikilaza kipande cha kauri katikati ya matabaka ya nyuzi kabla rezini haijaiva, unapata bamba linalojikunja au kujituliza lenyewe kwa amri ya waya mbili. Unapata pia chanzo cha joto usichoweza kukigusa, kinachofanya kazi kama moto wa pumba: juu hakuna mwali, ndani kunaungua.

Swali

Shikamoo Mwalimu. Ninasomea shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo. Nimezika kipande cha PZT-5A, aina mojawapo ya PZT, chenye urefu wa milimita 50, upana 30 na unene 0.2 katikati ya bamba la nyuzi za kioo na epoksi. Bamba zima lina unene wa milimita 2, na epoksi ni ile inayoiva kwenye joto la chumba. Ninaliendesha kwa wimbi la saini, yaani linalopanda na kushuka kwa ulaini bila kona, kutoka volti 100 chanya hadi 100 hasi, kwa hertzi 5,000. Mtengenezaji wa kauri ameandika upotevu wa 0.02, na kwa namba hiyo nilitarajia bamba lipande digrii 12 hivi. Baada ya dakika ishirini kamera ya joto ilionyesha limepanda digrii 38, kutoka 24 hadi 62, na mtikisiko niliokuwa nikiupima ulikuwa umepungua kwa zaidi ya theluthi. Lilipopoa, nguvu ilirudi karibu yote. Nimekosea wapi kwenye fomula?

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Fomula yako iko sawa. Namba moja uliyoiingiza ndiyo iliyokupoteza, na ni namba iliyowapoteza wengi, mimi nikiwa mmoja wao.

Tupige hesabu tena pamoja, polepole. Kapasitansi ya kipande chako, yaani uwezo wake wa kubeba chaji, ukichukua kauri yenye permitivi (uwezo huo wa nyenzo ukilinganishwa na ombwe) ya 1,700, ni nanofaradi 113 hivi. Kwa volti 100 za kilele na hertzi 5,000, amplifaya yako inasukuma na kurudisha takriban volti-ampea 17.7. Hapo wengine hushtuka wakidhani wati zote hizo zinageuka joto. Sivyo. Sehemu kubwa ya nishati huingia kwenye kauri na kurudi kila mzunguko, kama pumzi. Inayobaki ndani ni ile sehemu iliyozidishwa na kigezo cha upotevu. Kwa 0.02 inabaki wati 0.35. Kipande chako kina eneo la sentimita mraba 15 kila upande, na hewa tulivu ya chumbani hubeba takriban wati 10 kwa kila mita mraba kwa kila digrii. Gawanya, utapata zile digrii 12 zako.

Sasa jiulize ile 0.02 ilipimwaje. Mtengenezaji hupima upotevu kwa volteji ndogo sana, volti moja hivi, kwa hertzi 1,000. Wewe unaipa kauri volti 500 kwa kila milimita ya unene. Hayo ni maisha mengine kabisa. Ndani ya kila punje ya kauri mna maeneo madogo tunayoyaita domeni, na ndani ya kila domeni dipoli zote, yaani jozi za chaji chanya na hasi, zimeelekea upande mmoja. Volteji ndogo huzitikisa kuta za domeni palepale zilipo, nazo hurudi bila gharama kubwa. Volteji kubwa huzihamisha: zinakwama kwenye dosari za fuwele, zinachomoka, zinarudi kwa njia tofauti na zilizoendea. Kila kukwama na kuchomoka hulipwa kwa joto. Ndiyo maana ukichora chaji dhidi ya volteji hupati mstari, unapata kitanzi, na eneo la ndani ya kitanzi hicho ndilo joto la mzunguko mmoja. Kwa kauri laini kama PZT-5A, kigezo cha upotevu kwenye volteji kama yako hupanda hadi 0.1 na kuzidi. (Kauri tunaiita laini kwa sababu kuta zake za domeni husogea kwa urahisi. Ukiigonga kwa kucha ni ngumu kama sahani.)

Weka 0.12 mahali pa 0.02. Unapata wati 2.1. Ukiigawia eneo lilelile la kipande utapata digrii 71, ambazo ni nyingi mno kuliko ulizoziona, na hapo ndipo kompositi inapokusaidia kidogo: joto linasambaa pembeni. Kwenye bamba la nyuzi za kioo la milimita 2 linatembea milimita 6 au 7 kupita ukingo wa kipande kabla hewa haijalimaliza, kwa hiyo eneo linalopoa si sentimita mraba 15 bali karibu 27 kila upande. Piga tena: digrii 39. Umeona 38. Sidai kwamba makadirio yangu ni ya dhahabu, maana ule wati 10 wa hewa unaweza kuwa 8 au 12 kutegemea bamba limesimama au limelala. Lakini kisa chako kimeeleweka bila kumtafuta mchawi.

Usichukue 0.12 yangu ukaiandika kwenye tasnifu. Pima ya kwako. Sakiti ya umeme ya kupimia inajulikana tangu mwaka 1930, ya Sawyer na Tower, na vifaa vyake unavyo tayari. Unganisha kapasita nzuri ya filamu, mikrofaradi 10, mfululizo na aktueta, upande wa ardhi. Volteji juu ya kapasita hiyo inakusomea chaji: kwa kipande chako itakuwa volti 1.1 hivi za kilele, salama kwa osiloskopu. Weka osiloskopu kwenye hali ya kuchora mhimili mmoja dhidi ya mwingine, volteji ya aktueta mlalo, chaji wima. Hifadhi data, kokotoa eneo la kitanzi, zidisha kwa frikwensi. Kwako natarajia milijouli 0.43 kwa mzunguko. Fanya hivyo kwenye volti 20, 40, 60, 80 na 100, na ufanye kipande kikiwa kimeshazikwa, kwa sababu kompositi inayokishika huzibadilisha namba. Picha ya vitanzi vitano hivyo kwenye karatasi moja itakufundisha zaidi ya barua hii.

Kuna jambo la pili katika barua yako ambalo hukuliuliza. Wengi hulaumu rezini, wakisema imeifunika kauri kama blanketi. Kwenye bamba jembamba kama lako hilo si kweli, na hesabu yake ni fupi. Wati 2.1 zikigawanyika pande mbili ni kama wati 700 kwa mita mraba. Juu ya kauri yako kuna milimita 0.9 za kioo na epoksi, zenye upitishaji wa joto wa wati 0.3 hivi kwa mita kwa digrii. Tofauti ya halijoto kati ya kauri na uso wa nje ni digrii 2 tu. Hizo 38 nyingine zote ni kazi ya hewa. Kwa hiyo kwa leo feni ndogo itakufaa kuliko rezini ya bei kubwa yenye unga wa alumina. Mambo hugeuka bamba likiwa nene, au kukiwa na povu upande mmoja. Povu hupitisha joto mara kumi chini ya kioo na epoksi, na ukililaza chini ya kauri umefunga mlango mmoja kati ya miwili. Hugeuka pia ukishaweka feni kali: ukishaishinda hewa, kikwazo kinachobaki ni kompositi yenyewe, na kuongeza upepo hakuleti kitu.

Na kwa nini mtikisiko ulipungua, kisha ukarudi? Hapa umenipa dalili nzuri sana. Kauri ya PZT-5A hupoteza mpangilio wake wa dipoli kwenye halijoto ya Curie, karibu digrii 350, na desturi ya kazi ni kutopita nusu ya hapo. Digrii 62 haziigusi. Kauri ingekuwa imepoteza mpangilio, nguvu isingerudi kwa kupoa. Kilicholegea ni epoksi. Epoksi iliyoiva kwenye joto la chumba hulainika mahali fulani kati ya digrii 50 na 70, na ikilainika kauri inarefuka na kufupika yenyewe huku nyuzi za kioo zikibaki zimetulia, kama mtu anayevuta kamba iliyofungwa kwenye matope. Baya zaidi, rezini inayopita kwenye ulainifu huo hula nishati ya mtikisiko kuliko wakati wowote mwingine na kuongeza joto lake juu ya lile la kauri. Ukiliacha bamba hilo saa nzima mahali pa dakika ishirini, usishangae likianza kuweka doa jeupe pembeni mwa kipande. Kwenye nyuzi za kioo weupe huo ni matabaka yameachana.

Ushauri wangu: liweke bamba kwenye tanuri, ulipandishe taratibu hadi halijoto ya uivishaji wa pili (kuiivisha tena kwa joto epoksi iliyokwisha kuganda) aliyoitaja mtengenezaji wake, ulipooze taratibu pia. Sehemu ya kulainika itasogea juu. Kisha jaribu kuendesha kwa upande mmoja wa volteji, kwa mfano kutoka hasi 30 hadi chanya 170, badala ya 100 pande zote. Upana ni uleule wa volti 200, mwendo unabaki karibu uleule, lakini kuta za domeni hazirudishwi nyuma kwa nguvu na kitanzi husinyaa. Kama bado haitoshi, fikiria kauri ngumu, mfano PZT-4. Kigezo chake cha volteji ndogo ni 0.004, na hupanda polepole zaidi volteji ikikua. Gharama yake ni mwendo: kigezo cha kurefuka kwa upande ni pikomita 123 kwa volti mahali pa 171, kwa hiyo unapoteza zaidi kidogo ya robo. Kwa kazi ya hertzi 5,000 isiyokoma, ningeilipa gharama hiyo bila kusita.

Swali

Ndugu mhandisi, mimi ni fundi wa maabara. Nimeletewa vipande vya PZT-5H nivizike kwenye nyuzi za kaboni zenye rezini inayoiva kwa digrii 180. Aliyeleta anasema vitafanya kazi vizuri kwa sababu 5H ina nguvu kuliko 5A, na kwa kuwa kaboni hupitisha joto, tatizo la joto halitakuwepo. Nina wasiwasi lakini sina hoja.

Jibu

Fundi, wasiwasi wako una hoja, na nzito. Ni kweli 5H husogea zaidi. Lakini halijoto yake ya Curie iko karibu digrii 193. Ukikitia kwenye tanuri la digrii 180 kwa saa mbili, kitatoka na sura nzuri, kapasitansi nzuri, na mwendo kidogo sana au usiokuwepo kabisa. Nilikwisha kulipia kosa hilo kwa bamba zima la vipande sita. Nililipima kila kitu isipokuwa mwendo, nikaandika kwenye daftari kuwa liko salama, na ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba nilikuwa nimezika mawe. Bamba hilo lipo mezani kwangu mpaka leo, na mtu akija kuniuliza habari za uivishaji namwekea mkononi kabla sijasema neno.

Omba 5A, au rezini inayoiva kwa digrii 120. Hata kwa 5A, kabla ya kufunga mlango wa tanuri, zifunge waya mbili za kila kipande pamoja. Halijoto ikibadilika, kauri ya piezo huzalisha chaji yenyewe, na waya zikiwa wazi chaji hiyo hujikusanya kuwa volteji inayoweza kuharibu mpangilio wa dipoli au kuruka cheche. Waya zilizofungwa pamoja huimaliza kimyakimya. Zifungue bamba likiwa limepoa kabisa.

Kama vipande vimeshaharibika, si lazima uvitupe. Kwa unene wa milimita 0.2, volti 400 hadi 600 za mkondo wa moja kwa moja, bamba likiwa vuguvugu, zinaweza kuupanga upya mwelekeo wa dipoli. Panda taratibu: kauri inayopangwa upya hubadili umbo, na sasa imeshikwa pande zote, kwa hiyo inaweza kupasuka.

Kuhusu kaboni kupitisha joto: ndiyo, kwa urefu wa nyuzi hupitisha mara kumi au zaidi ya kioo na epoksi, na joto la kipande litasambaa sentimita kadhaa badala ya milimita. Kwa unene wa bamba, nyuzi zikiwa zimelala, faida ni ndogo sana. Tena kaboni hupitisha umeme pia. Lazima ukifunge kipande kwa filamu ya polyimidi, plastiki isiyopitisha umeme, la sivyo elektrodi zake zitaungana kupitia nyuzi, na kitakachofuata hakitakuwa joto la upotevu bali kuungua kwa kweli. Filamu hiyo ya maikromita 25 au 50 hupitisha joto kidogo, lakini kwa wembamba wake haidhuru. Kinachodhuru ni hewa iliyobaki chini yake. Pengo la hewa la milimita 0.1 huzuia joto sawasawa na zaidi ya milimita moja ya kioo na epoksi. Bonyeza filamu kwa roli ndogo kutoka katikati kwenda nje, na usiwe na haraka na pampu ya kuvuta hewa. Wazo hili la kuzika kauri kwenye kioo na kwenye kaboni si geni. Watafiti Crawley na de Luis walilionyesha kwa vipimo mwaka 1987. Yanayotushinda mpaka leo ni mambo madogo kama hilo pengo.

Swali

Habari za kazi, Mwalimu. Ninaendesha bamba langu kwenye resonansi, yaani frikwensi ambayo bamba lenyewe hupenda kutikisika, karibu hertzi 18,000. Amplifaya inasoma wati 3 tu, na kipande chenyewe kwenye kamera hakina joto sana. Lakini kuna mstari wa joto ng'ambo, sentimita 4 kutoka kwenye kipande, na doa lingine kali kwenye ukingo wake mmoja tu. Inawezekanaje joto liwe mahali pasipo na aktueta?

Jibu

Njema, mwenzangu. Inawezekana, kwa sababu kwenye resonansi mlipaji mkuu habaki kuwa kauri. Mbali na resonansi, joto karibu lote ni la kitanzi cha umeme nilichomweleza mwanafunzi hapo juu. Ukiingia kwenye resonansi, volteji ndogo inatosha kuleta mtikisiko mkubwa, na joto linazaliwa popote nyenzo inapokunjwa na kukunjuliwa. Mstari ule wa sentimita 4 bila shaka ni mahali bamba linapokunjwa zaidi katika umbo hilo la mtikisiko. Nyunyiza chumvi ya kawaida juu ya bamba likiwa limelala na linatikisika. Chumvi itajikusanya kwenye mistari isiyosogea, nawe utaisoma ramani ya mtikisiko kwa macho na kuilinganisha na picha ya kamera.

Doa la ukingo mmoja ndilo linalonipa hofu. Lingekuwa kwenye kingo zote mbili ningesema ni mkazo wa kawaida: kauri ngumu inaishia ghafla, na mbele ya ncha yake kuna kidimbwi cha rezini tupu chenye umbo la pembetatu, ambako nyuzi zimepanda kuvuka unene wa kipande. Rezini hiyo hutanuka kwa joto zaidi ya mara kumi kuliko kauri, kwa hiyo hata bila mtikisiko ina mkazo. Lakini ukingo mmoja kuwaka na mwenzake kubaki baridi kunanieleza kwamba pale matabaka yameanza kuachana na nyuso mbili zinasuguana, mara 18,000 kwa sekunde. Wapo wanaotikisa kompositi makusudi kwa mawimbi ya juu na kutazama kwa kamera ya joto ili wapate nyufa zisizoonekana. Wewe umefanya ukaguzi huo bila kukusudia. Acha kuliendesha, gonga taratibu kwa sarafu kuanzia katikati ya kipande kuelekea ukingo huo, na usikilize sauti ikibadilika kuwa butu. Kama una kifaa cha ultrasauti, kitumie kabla hujawasha tena.

Jambo moja zaidi kwa wote wanaokaa kwenye resonansi: bamba likipata joto hulegea, na frikwensi yake ya resonansi hushuka. Ukiifuata kwa mkono ukirudisha kilele cha mtikisiko kila baada ya dakika, unalirudisha bamba kwenye joto kali kila linapojaribu kulikimbia. Weka kikomo cha halijoto kwanza, ndipo ufuate kilele.

Swali

Mwalimu, nitajuaje halijoto ya kauri yenyewe ndani ya bamba nene, milimita 12, bila kulikata? Kamera inaona uso tu. Nilizika themokapo (kipimajoto cha waya) lakini inasoma kelele tupu aktueta ikiwa kazini.

Jibu

Umeuliza jambo ninalolipenda sana. Bamba la unene huo si lile la mwanafunzi wetu. Kwako rezini ina neno lake, na kauri inaweza kuwa juu ya uso kwa digrii 10, 20 au zaidi.

Themokapo ni waya za metali ndani ya uga mkali wa umeme, kwa hiyo kelele ni haki yake. Unaweza kuzima amplifaya na kusoma mara moja. Ila fahamu kwamba waya wa themokapo wa robo milimita ni mnene mara mbili ya tabaka la kawaida la kaboni, ambalo ni milimita 0.125. Umezika ufa wa baadaye. Fiba ya kioo yenye wavu wa Bragg, yaani mistari midogo ndani yake inayorudisha rangi moja tu ya mwanga, ni nyembamba kiasi na haijali umeme: kwenye mwanga wa nanomita 1,550 rangi hiyo husogea pikomita 10 hivi kwa digrii. Lakini husogea pia pikomita 1.2 kwa kila mnyooko wa sehemu moja kwa milioni, kwa hiyo mnyooko mdogo sana wa bamba unaweza kujifanya digrii kadhaa za joto. Ipitishe ndani ya mrija mwembamba ili ielee bila kuvutwa.

Njia yangu mimi ni kuiuliza kauri yenyewe. Kapasitansi ya PZT hupanda halijoto inapopanda. Weka bamba zima kwenye tanuri, bila kuliendesha, lisubiri litulie kwenye digrii 30, 40, 50 na kuendelea hadi kikomo cha rezini yako, na kila mahali pima kapasitansi kwa volteji ndogo. Huo ndio mchoro wako wa kutafsiri. Siku ya kazi, endesha, zima, badilisha swichi kwenda kwenye kipimo cha kapasitansi, soma kila sekunde kwa nusu dakika, kisha rudisha mstari nyuma hadi ile sekunde ya kuzima. Mwanzoni utaona mshuko wa haraka usiofanana na kupoa. Huo si halijoto, ni kuta za domeni zikitulia baada ya volteji kubwa. Fanya mara moja kwa kuwasha sekunde tano tu, kabla joto halijajengeka, uone mshuko huo ukiwa peke yake, kisha uutoe kwenye vipimo vingine.

Kupanda huko kwa kapasitansi kuna upande wake wa hatari. Kwa volteji ileile, kapasitansi kubwa huvuta mkondo zaidi, na joto huongezeka, nalo hupandisha kapasitansi tena. Kwa kawaida kupoa hushinda na mstari wa halijoto hujikunja na kutulia. Bamba la milimita 2 hutulia kwa robo saa hivi, la kwako litachukua zaidi ya saa. Ukiona mstari umeacha kujikunja na unaanza kupinda kwenda juu, zima papo hapo.

Kwa ufupi

*Mmoja anauliza lipi baya zaidi, kuongeza volteji mara mbili au frikwensi mara mbili.* Volteji. Frikwensi mara mbili ni joto mara mbili, ilimradi huikaribii resonansi. Volteji mara mbili ni joto mara nne kwa kuanzia, na kwa kuwa kigezo cha upotevu nacho kinapanda, mara nyingi hupita sana hapo.

*Mwingine ana nafasi ya rundo moja nene au vipande vyembamba vinne vilivyotawanywa.* Tawanya. Kundi la Kenji Uchino, mtafiti wa aktueta za piezo, lilionyesha mwaka 1996, kwa aktueta za matabaka mengi, kwamba kupanda kwa halijoto hufuata uwiano wa ujazo unaofanya kazi na eneo la nje linalopoa. Rundo lina ujazo mwingi na ngozi ndogo. Acha kati ya kipande na kipande nafasi isiyopungua sentimita mbili kwenye kioo, na kwenye kaboni zaidi kwa upande nyuzi zinakoelekea, ili joto la jirani lisikutane katikati.

*Wa mwisho anataka kutumia wimbi la mraba kwa sababu amplifaya yake haina saini.* Kona za mraba zimejaa frikwensi za juu, na kila moja ina joto lake; mojawapo inaweza kuangukia kwenye resonansi usiyoijua. Weka kizuizi cha umeme, yaani rezista, mfululizo na aktueta kilainishe kona. Kwa kapasitansi ya nanofaradi 113 na kizuizi cha omu 140, frikwensi zinazozidi hertzi 10,000 zitaanza kupungua. Chagua kizuizi cha wati za kutosha, na kikae nje ya bamba, mahali unapoweza kukigusa.